Moto Alioacha Antoine

"Dola mia mbili na makumi munane?" Mama Germaine alikuwa amesimama katikati ya koridoo, mikono kiunoni. "Guelord, siku munane zilizopita ulibeba makumi ine ya kukaza-kaza bile bintu yako. Juzi ukabeba makumi sita ya kuondosha hewa. Leo unataka mia mbili na makumi munane ya kubomoa ukuta yangu, na kelele iko palepale. Unatengeneza nini, weye? Ao ulifanya mufuko yangu shamba, kila juma unakuya kuvuna?"

Guelord, fundi wa mabomba, alikuwa amechuchumaa anarudisha funguo zake guniani moja moja, bila kumtazama. Miaka kumi na mitano alikuwa akitengeneza mabomba ya nyumba za katikati ya mji, na sifa yake ilikuwa kusema sana. Siku hiyo alikuwa hana maneno, na hilo lilimchoma Mama Germaine kuliko bei yenyewe.

Mwishowe alieleza. Hewa ikiingia ndani ya maji, radiateur, kile chuma cha kupasha chumba joto, hugugumia kama tumbo lenye njaa; hewa alikwisha kuitafuta. Chokaa ikijaa ndani ya birika, maji hunguruma. Chokaa nayo hakuiona. Chuma kikipata moto hunyooka na kusugua ukuta, kikipoa hujikunja, ndipo unasikia tiki, tiki. Hilo halina ubaya wowote. Kisha akashusha sauti, akatazama mlango wa chumba alimolala mtoto.

"Mama, kelele ya tiyo, ya bomba, haina akili. Inapiga vile inataka. Hii yako inapiga mara tatu, inanyamaza, inangoja. Kisha inapiga tena tatu. Iko sawa muntu mwenye anauliza kintu."

"Basi bomoa ukuta uone."

"Ile bei niliitaja juu ukatae." Alisimama, akatia mkono mfukoni, akatoa noti tatu za ishirini, akaziweka juu ya radiateur ya koridoo. "Makumi ine ya kwanza niliitumikia. Hii makumi sita, nilikudanganya. Hakukuwa hewa ya kuondosha. Mi ninajua tiyo, Mama. Mwenye kuwa ndani ya tiyo, simujue."

Akatoka. Mama Germaine alikuwa ameishi Lubumbashi miaka hamsini na minane, na hakuwahi kuona fundi akirudisha feza bila kushtakiwa. Ndipo alipoogopa kwa mara ya kwanza.

Nyumba hiyo ilijengwa zamani, ya matofali mekundu, nyuma ya mabenki, na Mzungu mmoja aliyeogopa baridi ya mwezi wa sita kuliko alivyomwogopa Mungu. Chini ya sakafu alichimba chumba, ndani yake akasimamisha chaudière: birika kubwa la chuma linalokula makala, makaa meusi ya miti, na kuchemsha maji. Maji ya moto hupanda kwa mabomba yaliyofichwa ukutani, huingia katika radiateurs, vile vyuma vyenye mbavu vilivyo katika kila chumba, huacha joto lake humo, kisha hushuka chini kuchemshwa tena. Majirani wenye nyumba za namna hiyo walikwisha kung'oa vyuma vyote na kuviuza kwa kilo. Marehemu mume wa Mama Germaine alikuwa injinia na alikataa. Yeye mjane alikataa pia, si kwa mapenzi ya vyuma, bali kwa sababu wanunuzi wa vyuma walikuwa na mizani ya uwongo. Mama Germaine aliuza maharagi na unga wa mahindi. Mizani ya uwongo ilikuwa ikimtia wazimu. Aliwahi kumfukuza mteja tajiri mbele ya watu kwa gramu hamsini tu.

Mwaka ule moto wa chini haukuwa tena jambo la kujistarehesha. Exaucée, binti yake, alikwisha kupoteza mimba mbili. Ya tatu ilizaliwa mwezi wa tano, ikiwa na miezi saba tu: msichana, kilo moja na gramu mia ine. Wakamwita Myriam. Hospitali ilimweka wiki tatu katika sanduku la kioo, kisha watoto wengine wakaja, na daktari akasema mpelekeni nyumbani. Alale kifuani mwa mama yake, na chumba kiwe na joto usiku na mchana, bila moshi. "Bila moshi" alilisema mara mbili. Maana yake mbabula, jiko la makala, ndani ya chumba ingemuua, na baridi nayo ingemuua. Kulibaki radiateur.

Mwenye kutunza radiateur alikuwa Antoine Nkandu, mtu wa Kasenga, kazini miaka kumi na tisa. Akiwa chini, hakuna aliyeweza kumsikia hata akipiga kelele, kwa hiyo yeye na watu wa juu walizungumza kwa chuma. Antoine aligonga bomba mara tatu kwa kipande cha nondo: joto linatosha? Mtu wa juu alijibu kwa kijiko juu ya radiateur. Mara moja: inatosha. Mara mbili: ongeza. Miaka yote hiyo hawakuhitaji neno lingine.

Alikufa mwezi wa sita, siku ya kwanza ya wiki, juu ya kiti chake kidogo mbele ya mlango wa moto. Mama Germaine alishuka kuona kwa nini bomba halijauliza, akamkuta ameinama, kofia magotini, kama anayesali. Alimgusa. Alikuwa baridi upande mmoja tu. Upande ulioelekea moto ulikuwa bado na joto.

Sasa sikilizeni alichofanya, maana ndiyo hadithi yenyewe. Alimsogeza miguu, akachukua mwiko wa makala, lile koleo lake la chuma, akajaza moto. Kisha akaanza kulia. Alimlia kweli, alimlia kama ndugu. Lakini makala kwanza.

Siku ya kilio ndugu wa marehemu walikuja kutoka Kasenga, mbele yao dada yake, Kunda, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi. Kwao, moto uliowashwa na mkono wa mtu aliyekufa haubakizwi. Unazimwa, majivu yanatupwa nje, moto mpya unawashwa na mkono mwingine kwa kiberiti. La sivyo, wanasema, marehemu hukaa pembeni yake. Mwenye kazi haachi moto unawaka akaenda zake. Kunda alimshika Mama Germaine mkono, akamuuliza jambo hilo tu.

"Moto ya mukono yake, muliizima?"

Mama Germaine alikuwa mtu wa Kasai, na misa ya Jumapili hakuikosa. Aliona ni desturi ya watu wengine. Tena alijua hesabu: kuzima, kufagia, kuwasha upya na kungoja maji yapate moto ni nusu siku nzima, na nusu siku ya baridi kwa mtoto asiyefikisha kilo mbili ni kaburi. Wakati ule ule makaa ya Antoine yalikuwa yamefukiwa vizuri chini ya majivu, yakingoja jioni.

"Tulizima," alisema.

Yeye, mwenye kufukuza watu kwa gramu hamsini.

Siku ya tatu baada ya maziko, alikuwa jikoni. Chini hakukuwa mtu. Bomba likagonga mara tatu.

*

Asubuhi baada ya Guelord kuondoka, Exaucée alikuwa amelala chali, mtoto kifuani, macho yamefumbwa. Bomba likauliza. Mama Germaine alikuwa mlangoni na kikombe cha uji, akaona mkono wa binti yake unatoka chini ya blanketi, unatafuta kijiko, unakipata, unagonga radiateur mara mbili.

Exaucée alifumbua macho polepole. Akatazama kijiko, akamtazama mama yake.

"Mama, nimejibu," alinong'ona. "Nilisahau kama alikufa."

Wakasikiliza. Chini ya sakafu mwiko ulikwaruza simenti. Kra. Kra. Mlango wa chuma ukafunguka, ukafungwa. Baada ya dakika chache radiateur ikaanza kupata moto, mbavu moja baada ya nyingine, kutoka kushoto kwenda kulia.

Mama Germaine alishuka na tochi. Gunia la makala lilikuwa limefungwa kwa fundo alilolifunga yeye mwenyewe. Mwiko ulikuwa umeegemea pale alipouacha. Aliushika, na mpini wake ulikuwa na joto, si joto la moto, bali lile la kitu kilichotoka tu mkononi mwa mtu.

Siku tatu zilizofuata hakutia makala hata mwiko mmoja, na moto uliwaka. Gunia halikupungua. Nasema kama lilivyokuwa: ndani ya hofu yake kulikuwa na kona ndogo iliyofurahia. Makala ya mwaka ule yalikuwa ghali. Alijiambia pengine marehemu anawasaidia, pengine anampenda mtoto, na kwa siku hizo tatu chumba kilikuwa na joto zuri kuliko wakati wowote.

Halafu ikaja harufu. Antoine alikuwa na kawaida ya kuchoma samaki mkavu wa Luapula juu ya mlango wa chaudière, na kuvuta tumbaku kali iliyosokotwa katika karatasi ya daftari. Radiateur haina tundu. Ndani yake ni maji tu, yanazunguka. Hata hivyo, saa sita mchana, jua likiwa juu ya mabati, chumba cha mtoto kilijaa harufu ya samaki anayeungua, kisha tumbaku, kisha kitu kingine chini ya hivyo viwili, kitamu na kizito, kama nyama iliyosahauliwa kwenye jua kali. Maziwa katika kikombe yaliganda. Mshumaa mbele ya Bikira Maria, ambao haukuwashwa tangu Pasaka, uliinama kidogo kidogo mpaka kichwa chake kikagusa kitambaa cha meza.

Joto lilikuwa linapanda bila kuombwa. Mama Germaine alizungusha gurudumu la radiateur mpaka likafika mwisho. Lilifunga kabisa, na chuma kikazidi kuwaka. Bomba likauliza, akajibu mara moja, inatosha. Kimya. Likauliza tena, akajibu vilevile. Likauliza tena. Siku nzima lilikuwa likiuliza na yeye akijibu inatosha, inatosha, mpaka kijiko kikapinda. Siku iliyofuata walikubaliana wasijibu tena, wakatia vitambaa masikioni, na hapo ndipo mlio wa bomba ulipoanza kusogea: lilianza kuuliza koridoo, halafu chumba cha kulia, halafu ukuta wa bafu, halafu ukuta wa kitanda, kila mara taratibu zaidi, kama mtu anayeingia bila kutaka kuwaamsha wenye nyumba, mpaka likawa linauliza nyuma ya kichwa cha mtoto, si kwa nondo tena, bali kwa ukucha.

Kila Jumamosi Mama Germaine alimpima Myriam katika mizani ya duka, ndani ya beseni lililotandikwa nguo, akitoa uzito wa beseni na nguo bila kukosea. Jumamosi ya kwanza baada ya kilio: kilo moja, mia nane na hamsini. Ya pili: mia nane na ishirini. Ya tatu: mia saba na sitini. Ngozi ya mtoto ilikuwa kavu, inakunjika na haikunjuki, midomo imepasuka. Alinyonya kidogo, akachoka. Hospitalini waliwapa unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, wakasema nafasi hakuna, rudini nyumbani, mumuweke mahali penye joto.

"Tutoke mu hii nyumba," Exaucée alisema. "Hata leo."

Walitoka. Walienda Naviundu, karibu na mto, kwa Léonie, mdogo wake Mama Germaine, mtoto akiwa amefungwa ndani ya nguo za mama yake, sweta tatu na kitenge juu. Léonie alifunga madirisha, akaweka blanketi mlangoni. Kufika saa kumi upepo ulianza kupanda kutoka mtoni, na miguu ya mtoto ikawa kama mawe ya humo humo mtoni. Kufika saa kumi na moja alikuwa anapumua, anasahau, anakumbuka, anapumua. Léonie alileta mbabula. Moshi ukamfanya akohoe kikohozi kidogo cha paka. Hapo Mama Germaine alisimama bila kuuliza mtu, akaita taksi.

Walipofungua mlango wa nyumba, joto liliwapokea usoni. Chumba kilikuwa kimewangoja. Kitanda kilikuwa na joto, mto ulikuwa na joto, na mtoto, alipolazwa, alivuta pumzi ndefu na rangi ikarudi midomoni. Ndipo Mama Germaine akaketi chini, mgongo ukutani. Aliona wamefungwa: nje wanamuua kwa baridi, ndani anakauka kidogo kidogo mbele ya macho yao. Gramu sitini kwa wiki. Hesabu hiyo aliijua mpaka mwisho wake.

Bomba likauliza.

Alichukua simu, akaita Kasenga. Hakusalimia vizuri, hakuzunguka.

"Mama Kunda, nilikudanganya. Moto ya ndugu yako sikuizima. Mpaka leo iko inawaka."

"Eko anauliza?" Kunda aliuliza.

"Anauliza mchana na usiku."

"Musijibu tena. Niko ninakuya."

*

Kunda alifika siku ya ishirini na tisa tangu ndugu yake afe, na mfuko mmoja mgongoni. Hakuingia. Alikaa juu ya jiwe nje ya mlango wa kiwanja, akanusa hewa kama mtu anayenusa chungu, akatikisa kichwa. Maji ya kunywa aliyakataa. Hakuwa nganga, alisema, hana dawa wala mikoba. Ni dada wa mtu tu, na anayoyajua ndiyo anayoyajua kila mtu wa kwao. Aliyedanganya ndiye mwenye kuzima, kwa mkono wake, mchana, peke yake. Majivu yatoke yote. Mtoto atolewe nje juani wakati huo, kifua kwa kifua na mama yake, chini ya mablanketi. Jua la mchana wa mwezi wa saba lina joto kwa saa tatu. Katika saa hizo tatu moto uzimwe, mpya uwashwe.

Mama Germaine alikuwa amekwisha kugeuka aende, Kunda akamwita.

"Ngoja. Moto peke yake haimushike muntu vile. Inamushika siku tatu, ine, anachoka, anaenda. Huyu iko na kintu ingine. Ulimuambia nini, mbele ya kufa?"

"Sikumuambia kintu."

"Utakumbuka," Kunda alisema. "Ukikumbuka, umuambie yee. Hapana miye."

Basi alishuka. Ngazi zilikuwa kumi na moja, na kwa kila ngazi joto liliongezeka, mpaka ya mwisho ikawa kama kuingia kinywani mwa mtu mwenye homa. Alikuwa na ndoo mbili za maji na kitambaa kilicholowa maji puani. Alifungua mlango wa chuma. Ndani hakukuwa na makala. Kulikuwa na kitanda cha makaa mekundu yasiyopungua, yanayopumua, yanapanda na kushuka kidogo kama kifua cha mtu aliyelala. Akayavuta nje kwa reki, yakamwagika juu ya simenti, akamwaga ndoo ya kwanza, na mvuke ukamjia usoni na ile harufu yote, samaki na tumbaku na nyama iliyosahauliwa, akapiga magoti akitapika na hakuacha kuvuta, alivuta na kumwaga, alivuta na kumwaga, akisali Salamu Maria kwa Kifaransa, kisha kwa Tshiluba cha mama yake ambacho hakukisema tangu utoto, na kaa moja lilipobaki alilikanyaga kwa kiatu, likalia kama panya, na giza likaingia, na katika giza hilo alinyosha mkono kugusa bomba la kupanda juu, akijua kwamba limeanza kupoa, lazima lipoe, moto haupo tena, na kiganja chake kiliungua.

Bomba lilikuwa linachemka bila moto.

Likagonga. Mara tatu, mbele ya uso wake.

Aliwasha tochi ili akimbie, na mwanga ukaangukia msumari ukutani. Mfuko wa Antoine wa safari ulikuwa umening'inia hapo, umefungwa zipu, viatu vipya vimefungwa kamba juu yake. Alikwisha kupita mbele ya mfuko huo mara mia bila kuutazama. Sasa aliutazama, akakumbuka.

Ilikuwa siku sita kabla ya kifo chake. Antoine alikuja jikoni amevaa vile viatu, na tiketi ya basi mkononi, akasema kwa furaha ya aibu kwamba congé yake, likizo, inaanza leo, siku thelathini, mwaka jana hakuipata na mwaka juzi pia. Na yeye Mama Germaine, mtoto ndiyo kwanza amerudi kutoka hospitali, hakumkatalia kwa ukali. Alimuomba. Alimwambia: mpaka mutoto afikishe kilo mbili, Antoine. Kisha utaenda. Antoine alitazama tiketi, akaikunja, akasema sawa, Mama. Akaenda kuning'iniza mfuko.

Mpaka mutoto afikishe kilo mbili. Alikuwa mtu wa neno moja, na alikuwa bado analishika. Alikuwa anafanya kazi kwa nguvu zote afike mwisho wa muda wake, na kila alivyoongeza joto mtoto alikauka, na kila mtoto alivyokauka kilo mbili zilikwenda mbali, na kila zilivyokwenda mbali ndivyo alivyoongeza. Hakuwa na ubaya wowote na mtoto. Angemuua kwa bidii.

"Antoine," Mama Germaine alisema. Sauti ilitoka kama ya mtoto mdogo. "Nilikudanganya mbele ya dada yako. Na congé yako niliikata juu ya woga. Kazi imeisha. Kilo mbili ao bila kilo mbili, imeisha. Beba mufuko yako. Uende."

Juu yake, mahali fulani ndani ya ukuta, chuma kilitoa pumzi. Tiki. Halafu tena, mbali zaidi, tiki, tiki, nyumba nzima, bila mpango, bila kungoja jibu: chuma kinapoa na kujikunja, kelele isiyo na akili. Aligusa bomba kwa ule mkono mzima. Lilikuwa vuguvugu. Aliligusa tena, likawa baridi. Harufu ilikwisha kuondoka, kulibaki majivu yaliyolowa tu, na baridi ya mwezi wa saba ikashuka ngazi ikamkuta amekaa katika matope meusi, analia, anacheka. Kupitia tundu la hewa alisikia sauti ya Exaucée kutoka barazani, anamwita Kunda aje aone, mtoto ananyonya, ananyonya kweli, anavuta.

Mama Germaine alisimama, akafuta mikono kwenye kitenge, akatafuta kiberiti cha kuwashia moto mpya.

"Mama."

Ilitoka ndani ya chaudière, mahali palipokuwa patupu na giza. Haikuwa sauti ya kutisha. Ilikuwa ile ile ya mwisho wa mwezi, sauti ya mtu mwenye kofia mkononi anayesimama mlangoni wala haingii.

"Congé nimeipokea, Mama. Aksanti. Sasa tuhesabu. Kisha kufa kwangu nilitumika siku makumi mbili na tisa."

Mama Germaine alipapasa, akakishika kiberiti. "Nitalipa dada yako. Eko pa mulango. Leo, mu mukono, na ya juu nitaongeza."

"Feza haitembee kule ninaenda. Nilikupa siku. Unirudishie siku."

Alielewa ni siku za kuishi. Macho yake yalipanda yenyewe kwenye dari, upande wa baraza, ambako mtu wa miezi miwili tu duniani alikuwa ananyonya. Akasema haraka, kabla sauti haijataja jina lolote:

"Beba ya kwangu."

Kimya kilikuja, cha namna anayoijua: kimya cha mtu anayehesabu kwa vidole, midomo inatembea. Mama Germaine alingoja, kiberiti mkononi.

"Ya kwako imebakia kumi na mbili, Mama," Antoine alisema. "Kungali kumi na saba. Unilipe."